Injini Iliyofungwa kwa Umri

Aprili 9

Kuanzia leo sebule yetu si sebule tena. Meder ameshusha injini ya lori na kuiweka katikati ya chumba, juu ya magunia, palepale tunapotandika kitambaa cha chakula wageni wakija. Nikamwuliza, "Na watu tutawakalisha wapi?" Akajibu bila hata kugeuka, "Kwani umeona mgeni mkubwa kuliko huyu?" Banda limevuja, nje theluji bado imelala, kwa hiyo sikuwa na hoja.

Najua kinachomkimbiza. Mwaka jana lori lilitufia mwezi wa Mei. Kondoo na farasi wakapanda malishoni mlimani na jamaa, sisi tukabaki kijijini na Mama. Mama mkwe wangu hawezi tena kukaa juu ya farasi, nyonga zimemchoka. Lori ndilo miguu yake. Kiangazi kizima alikaa kwenye benchi mbele ya nyumba, uso mlimani, mgongo barabarani. Tukamletea kumisi, yale maziwa ya farasi yaliyochachushwa, kwenye chupa ya plastiki. Akaonja, akasema, "Haya yamechoka na safari," akaweka bakuli chini. Ilipofika baridi alikuwa mwepesi mno, nikimwinua kitandani siiti mtu wa kunisaidia. Meder ameapa mbele yangu na mbele ya ng'ombe kwamba mwaka huu atampandisha.

Shida ni kivuko cha mtoni, njia pekee ya kupanda mlimani. Jua likikaza, theluji ya juu huyeyuka na mto hupanda. Ukishalifunika lile jiwe jeupe la katikati ya kivuko, hakuna lori linalovuka mpaka Agosti.

Aprili 14

Pistoni zimeoshwa kwenye beseni langu la kukandia unga. Nimenunua beseni jingine.

Aprili 20

Kila asubuhi Mama akipokea chai huuliza, "Limekohoa?"

"Bado, Mama."

"Mwambie aliguse taratibu. Baba yake alikuwa akilipiga teke, ndiyo maana lina kinyongo."

Ringi mpya za pistoni zimefika. Meder amezilaza kitandani upande wangu ili zisikanyagwe.

Aprili 27

Mvua ya mawe. Jiwe jeupe bado liko juu ya maji kabisa, watoto wanalikalia.

Mei 2

Nina mikono ya mafuta, ya kondoo na ya mashine, lakini lazima niandike.

Leo Meder alikuwa afunge injini. Ilibaki silinda hedi tu, lile pande la alumini linalokaa juu ya pistoni, lenye nati kumi katika safu mbili za tano tano. Asubuhi na mapema akaingia kaka yake mkubwa. Jina lake silitaji. Mke wa nyumba hii hatamki jina la kaka wa mumewe, na hata kwenye karatasi mkono wangu unakataa. Nitamwita Bwana Mkubwa, naye mwenyewe akisikia atafurahi. Alikuja na mkewe, na kondoo begani, na jamaa nusu kijiji nyuma yake.

"Nasikia unafunga injini kimyakimya kama mtu anayefunga mtungi wa achari," akamwambia Meder. "Baba alipolileta lori hili, nani hapa hakulipanda? Wote tumelipanda. Basi wote tutalifunga."

Meder akajikuna kichwa. "Kaka, ni kazi ya mtu mmoja na spana moja."

"Na kuchinja ni kazi ya mtu mmoja na kisu kimoja. Mbona nyama hatuli peke yetu?"

Meder akampokea kondoo begani. Kondoo akachinjwa, nikaingia jikoni, na niliporudi na sinia mambo yalikuwa yameshapangwa. Kama vile kila mfupa wa kondoo una mwenyewe kwa umri, kila nati ilikuwa imepewa mwenyewe kwa umri. Mkubwa kabisa mbele, upande wa feni, kisha wakashuka hivyohivyo kuelekea nyuma, mmoja baada ya mwingine, mtu wa posta akiangukia katikati, mpaka mdogo wao.

Mama alitangulia. Alishika spana kwa mikono miwili, akazungusha kidogo, akapumua. "Tosha. Nimeikaza na dua." Bwana Mkubwa akafuata, akanguruma mpaka shingo ikavimba. Mkewe akakaza huku anasimulia habari za harusi, sijui kama alimaliza. Wa mwisho kabisa, kule nyuma, alikuwa Ular, mume wa wifi yangu mdogo. Ular alicheza mieleka, na mlango wetu anaingia kwa ubavu.

"Mkwe!" Bwana Mkubwa akampigia kelele. "Umekula maandazi yetu miaka yote hii. Hebu tuone yalikwenda wapi!"

Ular akachomeka bomba kwenye mpini wa spana na kuvuta. Nati ikalia kama mlango wa ghala. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, nisijifanye.

Mei 3

Limekohoa! Injini imerudi ndani ya lori alfajiri, nalo limekohoa, likapiga chafya, likaunguruma. Mama ameomba koti lake la safari litolewe sandukuni. Nimelitundika nje lipigwe na upepo.

Mei 5

Ole wetu.

Meder alilipeleka lori mpaka daraja la mbao kwenye barabara ya mjini na kurudi. Lilirudi likifukiza moshi mweupe mzito, jirani akapiga kelele kutoka ukutani, "Meder, mnapika nini humo?" Rejeta ilikuwa imekunywa ndoo nzima ya maji, na chini hapakuwa na tone. Meder akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akanipa. Oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Sihitaji kuwa fundi. Chai ya maziwa nimeipika maisha yangu yote. Maji yameingia yasikotakiwa.

Akakaa kwenye ngazi ya lori. Nilikaa kando yake, nikabaki nakisugua kile kijiti kwa aproni yangu.

Mei 6

Mama hakuuliza kitu leo. Alikunywa chai, akalitoa koti kwenye kamba mwenyewe, akalikunja.

Mei 7

Bwana Mkubwa anasema ni jicho la jirani. Mkewe anasema ni chumvi tuliyomwaga. Ular anasema labda hakukaza vya kutosha.

Mei 8

Injini imeshushwa tena sebuleni. Jiwe jeupe limelowa miguu.

Mei 11

Leo tumekwenda mjini kwa gari la jirani, mimi nimekaa nyuma na ile silinda hedi mapajani, nimeifunga shali kama mtoto mwenye mafua. Meder alitaka niende naye kwa sababu, alisema, mimi huwa silii mbele ya watu. Asante kwa sifa.

Fundi Isar ana karakana nyuma ya soko. Ni Mdungan, wa wale Waislamu waliotoka China zamani, mnene, mwepesi wa kucheka. Aliweka rula ya chuma juu ya hedi na kuielekeza dirishani. Mwanga ukapita chini ya rula kana kwamba mlango umeachwa wazi.

"Imepinda," akasema. "Upande huu imekandamizwa na tembo, upande huu imeguswa na kipepeo. Mlikaza kwa utaratibu gani?"

Meder akatazama viatu vyake. "Kwa umri."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa umri. Mkubwa mbele, wengine wakafuata kwenda nyuma. Mama alianza."

Isar alimtazama, akanitazama mimi, akaona hatutanii. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta tairi la kukalia, akavua kofia, akajifuta macho nayo. "Na huyu wa nyuma kabisa, huyu tembo?"

"Shemeji. Anacheza mieleka."

Akaanza upya. Nami nikashikwa, Mungu anisamehe, na mwishowe hata Meder, ambaye hakuwa ametabasamu tangu daraja la mbao.

Alipopata pumzi akatueleza. Nati za katikati huanza, kisha zinazofuata huku na huku, kisha za pembeni, ili hedi ilale sawasawa. Na hazikazwi kwa mkupuo mmoja: kidogo zote, tena kidogo zote, halafu mara ya mwisho, kila moja kwa nguvu ileile. "Shemeji, wewe unasukuma unga?" akaniuliza. "Chapati unaianzia pembeni?"

"Nikianzia pembeni inakunjamana."

"Basi na hii imekunjamana."

Ataichonga iwe bapa tena, na anatuazima spana yake yenye mshale, ule unaoonyesha nguvu ya mkono.

Mei 14

Tumegombana. Namwambia Meder, umeshajua njia, funga mwenyewe, mama yako apande. Anasema Bwana Mkubwa ameshatangaza kijiji kizima kwamba injini itafungwa tena kwa heshima zilezile, na safari hii ataleta kondoo mnene zaidi.

"Mwambie alikosea."

"Nimwambie nani? Yule aliyenifundisha kutembea?"

"Basi funga kabla hajaja."

"Nimnyang'anye kaka yangu nati mkononi? Sonun, mtu ananyang'anywa mfupa wake mbele ya watu, halafu unakutana naye wapi tena?"

Nilimwambia basi mama yake atakaa tena kwenye benchi, na aende akamweleze yeye habari za mfupa. Alitoka nje. Nilijuta kabla mlango haujafungwa, lakini sikumwita. Nina kichwa kigumu, hilo limejulikana tangu niingie hapa na sanduku langu la harusi.

Mei 15

Tumepatana. Hakuna aliyeomba radhi. Alinipasulia kuni, nikamkaangia mayai.

Mei 18

Jua kali. Mto unasikika mpaka jikoni. Jiwe limebaki nusu.

Mei 20

Hedi imerudi, bapa kama kioo, na gasketi mpya ya kuziba chini yake. Bwana Mkubwa amekuja kuitazama. Ameigonga kwa kucha. "Nati yangu ni ileile, ya mbele," akasema. "Nimeshaizoea." Meder akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na birika la maji moto mkononi, na ni bahati ya watu wote kwamba nililiweka chini.

Mama amepunguza kula. Ananipa mkate wake nimpe mbwa.

Mei 22

Nimepata! Nimepata, na nimelipata jambo lenyewe nikiwa na sinia la nyama mkononi, mahali ambapo nimesimama miaka yote hii bila mtu kuniuliza nawaza nini.

Walikuja wageni wa kaskazini. Injini imesukumwa ukutani, kitambaa kikatandikwa. Nikasimama mlangoni kama kawaida yangu, nikisubiri wakae ili nijue nani apewe mfupa gani. Na nikawatazama wakikaa. Mzee wao hakukaa mwanzo wa kitambaa. Hakuna mkubwa anayekaa mwanzo wa kitambaa, huko ni karibu na mlango, huko kuna upepo na viatu na mimi! Mkubwa hukaa kati, mbele ya ukuta wa ndani. Anayemfuata hukaa kushoto kwake, anayefuata kulia, na hivyo hivyo huku na huku, mpaka vijana na wake za watu wanaishia pembeni. Katikati kwanza, kisha pande zote mbili. Maneno ya Isar matupu.

Nasi siku ile tuliwapanga jamaa zetu kama watu wanaosubiri muhuri ofisini.

Na chai je? Nani hapa humjazia mgeni bakuli mpaka ukingoni? Ukimjazia umemwambia anywe aende zake. Tunamimina kidogo, akimaliza tunaongeza, akimaliza tunaongeza. Mara tatu, mshale wa Isar hautasema vingine.

Nilimvuta Meder mpaka zizini nikamwambia. Akahesabu nati kwa vidole. Halafu akanishika uso kwa mikono yote miwili, mchana kweupe, ng'ombe wakitutazama, na mpaka sasa nina alama za grisi masikioni.

"Lakini nani atamwambia?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe huruhusiwi hata kumwita jina."

"Nani kasema nitamwita jina?"

Mei 24

Wamekuja wote tena. Kondoo alikuwa mnene kweli.

Nilivaa kitambaa changu cheupe cha kichwa, nikainama mara tatu mbele ya Bwana Mkubwa kama bibi harusi wa jana, mpaka mkewe akashtuka. Kama angekataa, kazi ingeharibika pale pale, na jiwe la mtoni lilikuwa limebaki kiasi cha mgongo wa kondoo.

"Kaka," nikasema, "nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya nyumba hii. Siku ile tulikukosea adabu."

Akakunja uso. "Mlinikosea nini?"

"Tulikukalisha mlangoni."

Nikamwonyesha injini. Nikamwonyesha feni upande wa mbele, upepo unakoingilia. Nikamwonyesha mwisho wa nyuma, moshi unakotokea. "Na hapa katikati, mahali pa heshima, tulimweka nani? Tulimweka mtu wa posta, ambaye ni jamaa tu wa mbali! Injini iliona. Ilikasirika, ikamwaga maji yake."

Bwana Mkubwa akainama, akaweka kiganja mbele ya feni. Nilimwona Meder akizungusha kofia yake mikononi. Halafu lile jitu likajipiga paja.

"Nilijua!" akanguruma. "Si nilisema siku ile nina baridi mgongoni? Mke wangu, sikusema?"

"Ulisema ni shati," mkewe akajibu.

"Ilikuwa ni mlango! Meder, wewe mpumbavu, umemkalisha kaka yako mlangoni!"

"Nisamehe, kaka," akasema Meder, na sijawahi kumwona mtu akiomba radhi kwa furaha namna ile.

Tukaanza. Mama akaletewa kigoda, akapewa nati ya kati, na Bwana Mkubwa ile iliyo mkabala nayo. Wengine wakajipanga huku na huku bila kuelekezwa, maana nani hapa hajui mahali pake? Nikatangaza kwamba leo tunakaza kama tunavyomimina chai, kidogo kidogo, mizunguko mitatu, na atakayejaza mara moja amefukuza wageni. Wote wakacheka, wote wakaelewa. Mshale wa Isar ukazunguka kwa adabu.

Ular alifika zamu yake na lile bomba lake mgongoni. Nikamwambia, "Shemeji, mpaka kwenye alama tu." Akavuta kwa vidole viwili, mshale ukafika. "Basi?" akauliza, kama mtoto aliyeonjeshwa asali akanyang'anywa. "Basi." Akaenda kukaa na bomba lake.

Mzunguko wa mwisho mikono ya Mama haikuweza kufikisha mshale. Alijaribu, spana ikatetemeka, hakuna aliyecheka. Bwana Mkubwa akazunguka injini, akapiga magoti nyuma yake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mama yake, na wakavuta pamoja. "Taratibu," Mama akamwambia, "wewe huwa unavunja vitu." Mshale ukafika, ukatulia. Niligeuka nikajifanya natafuta birika.

Nati moja ya pembeni haikuwa na mwenyewe, mizunguko miwili ya kwanza Meder aliikaza kwa niaba tu. Mmoja wa wale kumi wa siku ile ameshapanda na kondoo. Bwana Mkubwa akaitazama, akanitazama. "Mke wa Meder, wacha birika hilo. Njoo."

Niliikaza. Ya kwangu ilifika alama kama zao.

Mei 26

Injini imerudi ndani ya lori, nalo limewaka kwa mara moja. Meder amelizungusha kijiji kizima, amepanda kilima, ameshuka. Moshi hakuna. Kila nikimaliza kazi nakwenda kuchomoa kijiti: oili safi, rangi ya asali. Meder anasema nitakimaliza kwa kukifuta.

Mei 28

Mvua juu milimani. Jiwe limebaki kipara tu. Tunaondoka kesho alfajiri, kabla jua halijaamsha theluji.

Mei 29, malishoni

Tuko juu! Naandika nimekaa kwenye nyasi, kalamu inaganda kwa baridi, na nina raha ambayo sijui niiweke wapi.

Mtoni jiwe halikuonekana kabisa. Meder alilikisia kwa povu lililokuwa likizunguka juu yake. Akasimamisha lori ukingoni, akainua mikono kuomba dua. Mama, aliyekaa kati yetu na koti lake la safari, akampiga kibao gotini. "Utaomba ng'ambo. Sasa endesha." Maji yakagonga milango, yakaingia miguuni. Mama akainua viatu vyake akaviweka mapajani mwangu. Katikati injini ikashusha sauti, na mimi nikawataja wote kumi moyoni kwa mpangilio wao, hata yule nisiyeruhusiwa kumtaja. Haikuzimika. Ikanguruma, ikavuta, magurudumu yakashika mawe, tukatoka ng'ambo maji yakitutiririka kila upande. Meder akasahau dua, akapiga honi mpaka kondoo wa watu wakatawanyika.

Tulipofika, nilidhani Mama ataomba kulala, au kumisi. Alishuka, akakataa mkono wangu, akachukua fimbo na kupanda kile kilima kidogo nyuma ya hema, peke yake, akipumzika kila baada ya hatua chache. Tukamfuata kwa mbali. Huko juu akasimama, akaweka mkono kinywani, na akatoa ukelele. Mimi nimeishi naye tangu usichana wangu na sikujua ana sauti ile. Nyumbani huzungumza chini chini, na sisi wote tunainama kumsikiliza.

Ukelele ukajibiwa. Ng'ambo ya bonde, mbele ya hema lililokuwa likitoa moshi, bibi kikongwe mmoja mfupi alitoka mbio kwa jinsi anavyoweza kukimbia.

"Weweee! Mguu-wa-mbuzi!" yule kikongwe akapiga kelele. "Bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe, Kalyipa!" Mama akajibu. "Pua ndefu itangulie!"

"Mwaka jana hukupanda, nikakulilia bure! Nilipika na maandazi ya matanga!"

"Yalikuwa magumu kama kawaida yako? Basi waliokula ndio wamekufa!"

Mama alicheka mpaka akashikilia fimbo kwa mikono miwili. Meder na mimi tukatazamana. Kumbe alichokikosa hakikuwa mlima, wala maziwa ya farasi. Kule kijijini sote tunamwinamia, tunamkalisha mahali pa heshima, tunamkatia mfupa mzuri, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumtukana.

Wanaendelea hadi sasa. Chai imepoa, nami sina haraka ya kuwaita.